Gharama ya Uzazi: Mhadhara juu ya Malezi ya Wanyama



Mwaka 1928 aliwasili Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, Mwingereza mmoja aliyekuwa mtu wa hesabu katika idara ya ukaguzi wa fedha za jeshi huko Kairo, ambaye hakusomea elimu ya wanyama katika chuo chochote, na ambaye hakuajiriwa na kituo kile cha uchunguzi wa kilimo kwa ajili ya ndege. Jina lake Reginald Moreau. Pamoja na mkewe Winifred, na pamoja na wasaidizi Waafrika ambao subira yao chini ya miti ndiyo iliyozijaza daftari zake tarakimu, alikaa huko hata mwaka 1946. Na katika muda huo alilikabili swali ambalo watu wengi wenye vyeti vikubwa walikuwa wamelipita wasilitazame sawasawa, nalo ni hili: kwa nini ndege wa nchi zetu za joto hutaga mayai machache kuliko ndege wa Ulaya?

Shore wa bustani zetu hutaga mayai 2 au 3, na kule Uingereza yuko ndege wa buluu na manjano, asiyefikia nusu ya uzito wa shore, atagaye mayai 8 hata 12 kwa mtago mmoja. Akili ya haraka ingetarajia kinyume chake, kwa kuwa huku kwetu hakuna theluji, miti haipukutiki yote kwa pamoja, na wadudu hawakatiki mwaka mzima. Moreau aliyakusanya mayai ya aina nyingi za ndege wa Afrika katika hesabu moja ndefu, akaichapisha mwaka 1944 katika jarida la Ibis, na hesabu hiyo ikabainisha kwamba jambo hili si la ndege mmoja wala la mlima mmoja, bali ni kanuni ipitayo katika jamaa nyingi za ndege kadiri mtu anavyotoka kaskazini kuja ikweta.

Nimelianza neno langu kwa mayai ya shore kwa sababu ndani yake mna fumbo lote la uzazi wa wanyama. Hoja ninayotaka kuithibitisha mbele yenu ni kwamba idadi ya wana si kipimo cha mapenzi ya mzazi wala cha uzembe wake. Ni jibu lililotolewa kwa mauti, yaani nani hufa katika jamii ile, akiwa na umri gani, na kwa sababu ipi. Na kwamba binadamu anapoyabadilisha mauti ya mnyama pasipo kuijua hesabu hii, humfilisi mnyama huyo hata kama hakukusudia.

Jibu la kwanza lenye nguvu alilitoa mwaka 1947 David Lack, bingwa wa ndege wa Oxford. Yeye alishikilia kwamba ndege hatagi kadiri mwili wake uwezavyo, maana katika aina nyingi ukimwondolea yai kiotani hutaga jingine. Bali hutaga idadi ile ambayo, kwa wastani, baba na mama wataweza kuilisha hata makinda walio wengi iwezekanavyo waruke wakiwa na afya. Kaskazini, mchana wa majira ya joto una saa 16 na zaidi za kutafuta chakula. Kwetu, saa 12 na dakika chache, Januari hata Desemba. Mbayuwayu weusi wanaozalia katika mnara wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford wakawa mashahidi wa kauli hiyo, kwani Christopher Perrins alipotia kinda wa nne katika viota vya makinda 3, viota hivyo vilitoa makinda wachache zaidi kuliko vile vilivyoachwa na 3. Kumbe yule wa nne hakuwa nyongeza, alikuwa msiba wa ndugu zake.

Lakini Alexander Skutch, aliyeishi muda mrefu katika misitu ya Costa Rica, alimpinga mwaka 1949, akasema kwamba ndege wa nchi za joto wangeweza kulisha makinda zaidi ya waliowalea, na kwamba kinachowazuia ni adui. Kila safari ya mzazi kwenda kiotani humwonyesha njia nyoka na kima. Makinda wengi hudai safari nyingi, na safari nyingi huita kifo. Kwangu mimi, Lack na Skutch kila mmoja alishika upande wake wa kweli, ila katika misitu kama ile ya Usambara, ambamo viota vingi huvamiwa kabla ya makinda kuota manyoya, naliona neno la Skutch kuwa zito zaidi. Tena liko jambo la tatu, ambalo waliokuja baadaye walilitilia mkazo: ndege mzima wa nchi za joto aghalabu huishi miaka mingi kuliko yule wa baridi, ambaye huenda asiione masika nyingine, na mwenye matumaini ya kuzaa tena mwakani hana sababu ya kujimaliza mwaka huu.

Katika msitu ule ule wa Amani, Moreau na mkewe waliwachunguza hondohondo wakubwa weusi, ambao mashavu yao hung'aa rangi ya fedha, na habari zao walizozitoa mwaka 1941 zingali katika uchunguzi mzuri kabisa uliopata kufanywa juu ya malezi ya ndege katika Afrika. Jike huingia katika pango la mti, na mlango wake huzibwa kwa udongo, ambao dume huumeza, akauletea mti ule, akautapika vidonge vidonge, hata ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Humo gizani jike hukaa karibu miezi minne, akataga, akaatamia, akamlea kinda. Na muda wote huo riziki yake na ya mwanawe iko juu ya mtu mmoja, yule dume aliye nje. Waliokaa kuzihesabu safari zake walikadiria kwamba katika siku 120 dume mmoja alifika kiotani mara zipatazo 1,600, akaleta matunda yapatayo 24,000. Na baada ya matunda hayo yote, atokaye pangoni pamoja na mama yake aghalabu ni kinda mmoja.

Zitazameni tarakimu hizo kwa makini, kwa kuwa ndizo zilizonifanya mimi niipende elimu hii. Ukuta wa udongo humnyima kenge na kima chakula, na kwa hiyo kinda wa hondohondo anayo nafasi ya kuishi ambayo kinda wa shore, aliye katika kikombe cha nyasi juu ya tawi lililo wazi, hana. Lakini ulinzi huo hununuliwa kwa uhuru wa mama na kwa kazi ya baba, na kazi hiyo haiwezi kugawanyika kwa majike wawili. Dume anayeleta matunda 24,000 katika tundu moja hana nguvu za kutafuta tundu la pili.

Mwaka 1972 Mmarekani Robert Trivers aliipa fikra hii umbo lake lililo kamili. Alisema kwamba gharama ya mzazi ni kile chochote anachomtolea mwana mmoja, kikamzidishia mwana huyo nafasi ya kuishi, na papo hapo kikampunguzia mzazi uwezo wa kuwatolea wana wengine, waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa. Mama mwenye kibaba kimoja cha unga na watoto sita hahitaji mwanachuoni wa kumfafanulia maneno hayo. Wala sisemi kwamba hondohondo hukaa akapiga hesabu pangoni mwake. Katika vizazi visivyo na idadi, wale waliotumia vibaya nguvu zao hawakuacha dhuria, na hawa tunaowaona leo ni dhuria wa waliotumia vizuri. Hesabu imeandikwa katika maumbile yao, nao huitii pasipo kuijua.

Kutoka hapo Trivers alifikia lile jambo la dume na jike, ambalo Charles Darwin alilifungua mwaka 1871 pasipo kulipatia ufunguo wa mwisho. Yai la jike limebeba akiba ya chakula. Mbegu ya dume haikubeba kitu ila nusu ya nasaba. Kwa hiyo ile jinsi itoayo zaidi huwa adimu na yenye kuchagua, na ile itoayo kidogo huigombania. Ndovu dume hakai na jamaa ya mwanawe wala hamjui. Nguvu zake zote huziweka katika mwili, unaoendelea kukua karibu maisha yake yote, na katika ile hali ya ukali ambayo Joyce Poole na Cynthia Moss waliithibitisha mwaka 1981 kwa ndovu wa Afrika, hapo majimaji yanapomchuruzika kati ya jicho na sikio, naye akatembea mwendo mrefu akitafuta majike na kuwapiga vita wenzake. Madume wenye miaka 40 na zaidi ndio wapatao wana wengi, kijana hungoja.

Na ili mtu asidhani kwamba uzito huo umeandikwa juu ya jike popote, na amtazame yule ndege wa mabwawa yetu mwenye vidole virefu, apitaye juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba apita juu ya sakafu. Kwake jike ndiye mkubwa, ndiye mgomvi, ndiye mwenye waume kadhaa. Hutaga mayai 4, akamwachia dume, akaenda zake kwa mwingine. Na dume huatamia, huongoza makinda, na hatari ikitokea huwakumbatia chini ya mbawa zake akakimbia nao, miguu yao mirefu ikining'inia ubavuni mwake. Sheria ni ile ile, waliobadilishana ni watendaji.

Hata samaki wamo. Perege jike huyabeba mayai kinywani mwake, na baadaye vifaranga vyake, na muda huo hula kidogo sana au hali kabisa, kwa maana kinywa hakiwezi kuwa nyumba na kuwa sufuria kwa wakati mmoja. Lakini palipo na mali pana mwizi: katika ziwa Tanganyika yuko gogogo mwenye madoadoa, ambaye hupenya kati ya samaki wa namna hiyo wakati wakitaga, akaacha mayai yake yaokotwe pamoja na yao, na Tetsu Sato wa Japani alionyesha mwaka 1986 kwamba mayai ya gogogo huanguliwa mapema, kisha vifaranga vyake vikawala wana halali wa mama yule ndani ya kinywa chake mwenyewe, naye angali akiwalinda.

Narudi kwa ndovu, kwa sababu hakuna mnyama wa nchi kavu aliyetoa gharama kubwa kama jike wake. Mimba yake ni ya miezi 22. Ndama huzaliwa akiwa na uzito wa kilo 100 hivi. Hunyonya miaka kadhaa. Na kati ya ndama mmoja na mwingine hupita miaka minne au mitano. Cynthia Moss, aliyeanza kuwafuata ndovu wa Amboseli mwaka 1972, ametujulisha jamaa baada ya jamaa, mama, mabinti, shangazi na bibi, na jinsi wale majike vijana wasiozaa bado wanavyomwinua ndama aliyekwama matopeni na kumrudisha aliyepotea njia. Nao uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 na Karen McComb na wenzake, katika mbuga ile ile, ulionyesha kwamba jamaa zinazoongozwa na jike mzee hutambua vizuri zaidi sauti za ndovu marafiki na za wageni, na kwamba majike wa jamaa hizo hupata ndama wengi zaidi. Kwa hiyo malezi ya ndovu hayakomi katika maziwa. Kumbukumbu ya bibi ni sehemu ya gharama iliyotolewa kwa ajili ya mjukuu. Mwindaji haramu atafutaye pembe kubwa huwachagua wakubwa, na apigapo risasi jike wa miaka 50 huwa ameiondoa elimu ya nusu karne katika jamaa nzima, na ndama wa dada zake na wa binti zake ndio watakaolipa ukame ujao utakapofika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba palipo na gharama kubwa pana maelewano siku zote. Trivers aliandika tena mwaka 1974 kwamba haki ya mama na haki ya mwana hazilingani: mwana hutaka zaidi ya kile ambacho mama, mwenye kuwafikiria na wale watakaozaliwa, anafaa kutoa. Jeanne Altmann, ambaye kitabu chake juu ya nyani mama na watoto wao wa Amboseli kilitoka mwaka 1980, alilionyesha jambo hilo kwa saa za mchana: mama huyu hutembea na kundi, huchimbua mizizi ya nyasi, humbeba mtoto, humnyonyesha, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo mama anavyolazimika kula kwa saa nyingi zaidi, hata ikafika siku ambayo mchana hautoshi. Siku hizo mtoto hupiga kelele, hujitupa chini, hufuata chuchu na kusukumwa. Mtazamaji mwenye huruma humlaumu mama. Mimi naona ni mama aliyefika mwisho wa mchana wake.

Sasa nishuke pwani, maana huko ndiko hesabu hii inakotudai sisi wenyewe. Kasa jike hupanda usiku katika fukwe kama zile za kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, au za Watamu, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, akataga mayai mia moja na zaidi, akayafukia, akarudi baharini asiyatazame tena. Baada ya majuma mawili hivi hurudi akataga tena, na tena, mara kadhaa katika msimu mmoja; kisha hupumzika miaka miwili, mitatu, au zaidi. Kwa kuwa haatamii wala halishi, watu husema kwamba kasa hana uchungu wa mwana, na kauli hiyo ni dhuluma. Amesafiri masafa marefu kutoka malishoni mwake hata pwani aliyoanguliwa yeye mwenyewe. Ameweka katika kila yai kiini cha kutosha safari ya mwanzo ya mwanawe. Na mahali pa shimo alipopachagua pataamua hata jinsi ya wana wake, kwani mchanga wenye joto la juu ya digrii 29 hivi hutoa majike wengi, na wa chini ya hapo hutoa madume wengi. Alilowanyima ni ulinzi tu, na kwa sababu ya kutosha: mnyama aliyeumbwa kwa maji, akijiburura mchangani, angemlinda nani na kaa, kunguru na kenge? Alichoweza kutoa ni wingi, na ametoa.

Wingi huo una sharti lake, na sharti hilo ndilo tunalolisahau. Mayai mia yatafaa kitu iwapo tu mama ataishi miaka mingi akaleta mia nyingine, na nyingine. Kasa huchukua miaka 20, pengine hata 50, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Mauti yake yote makubwa huwa utotoni, na aliyevuka utoto alikuwa karibu amesalimika, kwani gamba lake na ukubwa wake vilimtosha kwa papa wengi. Mauti ya ukubwani hayakuwamo katika hesabu. Sisi ndio tulioyaleta.

Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walilifanya jambo hili kwa tarakimu juu ya kasa wa kichwa kikubwa wa pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Huko watu wema walikuwa wakiyalinda mayai fukweni kwa bidii ya miaka mingi, na kasa wakizidi kupungua. Wale watatu walionyesha kwamba hata kama yai lisingepotea hata moja, upungufu ungeendelea, ikiwa kasa walioinukia wangeendelea kuzama katika nyavu za kukokota za wavuvi wa kamba. Na kwamba kuwaokoa hao wakubwa kwa kiasi kulifaa kuliko kuyaokoa mayai yote. Hoja hiyo iliwapa nguvu wale waliotaka nyavu hizo zitiwe fremu ya chuma yenye mlango wa kumtoa kasa akiwa hai, na sheria ikaja.

Sisemi haya ili kuwavunja moyo vijana wa vijiji vyetu walindao viota usiku na kuhamisha mayai yaliyo hatarini kufikiwa na bamvua. Kazi yao ni tukufu na haina budi kuendelea. Ninalosema ni kwamba kazi yao yaweza kubatilishwa na jarife, ule wavu wa macho makubwa utegwao usiku kucha kwa ajili ya papa na taa, ambamo kasa aliyeishi miaka 30 hunaswa, akashindwa kupanda kuvuta pumzi, akafa. Mwenye wavu hakumtaka. Ni mtu mwenye watoto wa kulisha kama kila mzazi niliyemtaja leo, na yeyote atakayemwomba auache wavu huo sharti aje na chombo kingine mkononi mwake, si na waraka wa amri.

Na kama jarife ni janga kwa kasa mwenye mayai mia, kwa nguva nitumie neno gani? Nguva ni ndovu wa bahari kwa namna ya uzazi wake. Mimba yake hupita mwaka mmoja. Huzaa ndama mmoja. Humnyonyesha mwaka na nusu. Na kati ya ndama mmoja na wa pili yaweza kupita miaka mitatu hata saba. Zamani walionekana makundi kwa makundi tangu Lamu hata kusini. Leo katika Tanzania wamebaki wachache, zaidi katika majani ya bahari yaliyo baina ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Helene Marsh wa Australia, aliyewachunguza wanyama hawa kwa miaka mingi, amebainisha kwamba hata mahali penye malisho tele na pasipo na bughudha ya binadamu, kundi la nguva haliwezi kuongezeka zaidi ya takriban 5 kwa mia kwa mwaka. Ikiwa ghuba ina nguva 40, ongezeko lake la mwaka mzima, katika hali iliyo njema kuliko zote, ni nguva 2. Wa tatu akinaswa kabla ya mwaka kwisha, kundi limeanza kupungua.